'Sijala': Neno lililokaribia kumwaga unga wa Agatha

Saa tatu na nusu asubuhi Agatha Kasonso anaonja uji kwa mara ya tatu. Anaulamba kwenye ncha ya kijiko, anafumba jicho moja.

"Karanga bado," anajiambia. Anasukuma ukuni mmoja ndani ya jiko la udongo na kuendelea kuzungusha mwiko.

Kwenye ubao mrefu kando yake vimepangwa vikombe arobaini na vitatu vya plastiki. Ng'ambo ya ukuta, watoto wenye vikombe hivyo wanasikika wakiimba herufi. Sauti zilikuwa kali wakati wa A na B. Sasa wamefika M, zimelegea, na vichwa viwili vitatu vimeanza kuchungulia dirishani kuangalia moshi.

Hakuna aliyewaambia saa ngapi. Wanajua tu.

"Saa nne kamili ni uji, saa sita na nusu ni chakula," anasema Agatha. "Mtoto mdogo ukimchelewesha analia, ukimuwahisha anachezea sahani. Tumbo lake ni kama ngumi yake hii. Linajaa upesi, linaisha upesi. Lazima lizoee saa yake."

Agatha ana miaka 46. Ni mpishi wa kituo cha watoto ambacho wazazi wa kitongoji kimoja cha Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda, walikijenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano hushinda hapo wakati wazazi wakiwa shambani. Kila mzazi huleta mahindi, maharage na karanga kila mwezi, mwenye kingine huleta alichonacho. Yeye hupewa posho ya shilingi elfu sabini, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe "inanunua sabuni na kunilinda nisiombe".

Kazi hii anaipenda waziwazi, wala haoni haya kusema hivyo. Anamjua kila mtoto kwa namna anavyoshika kijiko. Anamjua anayeficha maharage chini ya sahani na anayesubiri jirani asinzie amnyang'anye papai.

Lakini mwezi Juni mwaka huu nusura amwage unga. Hakuunguza chakula, hakuchelewa kazini, hakumpiga mtoto wa mtu. Kilichomponza kilikuwa neno moja, tena dogo, tena la mtoto wa miaka minne.

Mambo yalianzia kwenye utepe. Mwezi Mei mhudumu wa lishe kutoka zahanati alifika kituoni na ule utepe wa rangi unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Ukisoma kijani, mtoto yuko salama. Ukisoma njano, anaanza kupungua. Nyekundu ni ya kukimbiza hospitali.

Nyekundu haikuonekana. Lakini watoto tisa walikuwa njano.

Agatha alisimama pale na mwiko mkononi asijue aufiche wapi uso. Kasokola si mahali pa njaa. Msimu wa mavuno, mahindi yanakosa pa kuwekwa, magunia yanalala hadi chumbani kwa wageni. Watoto wenyewe walikuwa wakipewa ugali na maharage kila siku ya Mungu, na sufuria lilikuwa likirudi tupu.

"Yule dada akaniuliza, unawapikia nini? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: ugali. Akauliza, na nini kingine? Nikamwambia, ugali tena. Akacheka, mimi sikucheka."

Walikaa chini pamoja na Upendo, mwalimu wa kituo, msichana mpole wa miaka 26 mwenye mwandiko mzuri. Wakaandika ratiba mpya. Jumatatu viazi lishe, vile vyenye rangi ya machungwa, pamoja na maharage. Jumanne ugali, mchicha na dagaa wa Ikola, waliotwangwa laini ili miiba isimpalie mtu. Jumatano maboga au mihogo yenye karanga. Alhamisi wali, kunde na matembele. Ijumaa viazi tena, safari hii na maziwa mgando. Tunda kila siku, hata kama ni nusu ya pera.

Jambo jingine walilobadili lilikuwa sinia. Watoto hao walizoea kula pamoja kwenye chombo kimoja kama nyumbani, na kwenye sinia mwenye mkono mwepesi ndiye mfalme. Agatha aliomba sahani, kila mtoto na yake.

"Kwenye sinia huwezi kujua nani amekula na nani amesindikiza," anasema. "Kuna watoto wanatafuna taratibu. Anaponyanyua kichwa, wenzake wameshanawa."

Alipika kwa ratiba hiyo wiki mbili, kwa moyo mmoja. Jioni alikuwa anarudi nyumbani amechoka lakini anaimba. Hakujua kwamba nyumba kwa nyumba, saa ileile anayoimba, watoto wale walikuwa wanamchimbia shimo.

Wa kwanza kuja alikuwa Minza, mama yake Ng'washi. Minza na mumewe ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, miaka sita iliyopita. Ni mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na akija kwa miguu asubuhi namna ile ujue kuna jambo.

"Mayu," alimwambia Agatha, akitumia neno la heshima ambalo Wasukuma humwitia mama. "Mbona mtoto wangu anashinda njaa hapa?"

Agatha alicheka. Alidhani ni utani wa makabila, maana Wasukuma na watu wa huku hawaishiwi kutaniana.

"Sitanii mayu. Jana amerudi, nikamuuliza, umekula? Akaniambia, sijala. Ijumaa vilevile. Mtoto wa miaka minne atanidanganya kwa faida gani?"

Kesho yake walikuja wawili wengine. Keshokutwa waliokuja waliongezeka, na wasiokuja walikuwa wanasemea kisimani. Kasokola habari haisubiri gazeti. Ilipofika Alhamisi ilikuwa imepita kwenye mazoezi ya kwaya, ikafika mnadani, na njiani iliongezewa chumvi: kuna mtu alimwona Agatha jioni akitoka kituoni na ndoo yenye kifuniko.

Ndoo hiyo ilikuwepo kweli. Ilikuwa na maganda ya viazi, chakula cha mbuzi wake wawili. Lakini nani atafunua ndoo ya mtu barabarani?

"Niliumia," anasema Agatha, na mwiko unasimama. "Afadhali uniite mlevi, nitavumilia. Kuniita mwizi wa chakula cha watoto! Nilikuwa napita njiani naona watu wananyamaza. Nikifika dukani, mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa."

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba watoto walikuwa wanakula. Aliwaona kwa macho yake mawili. Akaanza kujitilia shaka, akaongeza kipimo. Kiazi kimoja kikawa viwili. Sahani zikarudi zimepanguswa kwa kidole. Jioni, huko majumbani, wimbo ukabaki uleule: sijala.

Mwalimu Upendo alijaribu kumtetea, na malipo yake yakawa kuingizwa kwenye mkumbo. Watu walisema hao wawili wanagawana. Yotham, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mzee mwenye busara lakini asiyependa kelele, akaitisha mkutano wa Jumamosi. Ajenda ilikuwa moja: mpishi.

Mume wa Agatha alimshauri aache tu. Elfu sabini haikuwa fedha ya kumfanya mtu asutwe mbele ya kijiji. Agatha aliendelea kupika. Anakiri kwamba usingizi ulimkimbia, na kwamba hofu yake haikuwa posho. Alijua akifukuzwa kwa jina la mwizi, jiko litafungwa, ratiba itachanwa, na wale tisa watabaki na njano yao mikononi.

Ijumaa mchana, watoto walipokwisha kuondoka, alikaa na Upendo kwenye viti vidogo vya darasani, magoti yakigusa kidevu. Upendo alikuwa na daftari la mahudhurio ambamo, kwa mazoea ya ualimu, alikuwa ameandika pia kila mzazi aliyekuja kulalamika na siku anayoilalamikia.

Agatha hasomi haraka. Alipitisha kidole mstari kwa mstari. Jumatatu, malalamiko matatu. Jumatano, manne. Ijumaa iliyopita, matano. Akarudi juu.

"Mwalimu, mbona Jumanne sina dhambi?"

Upendo akachungulia. Kweli. Jumanne hapakuwa na lalamiko hata moja. Alhamisi pia.

"Jumanne tunapika nini?" aliuliza Agatha, ingawa anajua.

"Ugali."

"Na Alhamisi?"

"Wali."

Wakatazamana. Agatha anasema alianza kucheka, akacheka hadi akashika mbavu, na Upendo naye akacheka kwa kuambukizwa tu. Halafu kicheko cha Agatha kikageuka, na mwalimu akashtuka kuona mama mzima analia kwenye kiti cha mtoto.

Kiswahili chetu kina ukarimu mkubwa na neno hili. Mtu hula kiapo, hula hasara, hula njama, hula kona na pikipiki yake. Lakini katika nyumba nyingi za huku, tumbo lina sheria zake: kula ni kula ugali. Wali nao unahesabika, kwa kuwa ni wa sikukuu na wageni. Viazi, mihogo, maboga, hivyo ni vya kupozea njaa ukisubiri chakula. Mtu anaweza kumaliza sahani ya viazi, akajipangusa mdomo na kuuliza leo tutakula saa ngapi.

Watoto hawakuwa wamedanganya. Walisema walichofundishwa.

Hicho ndicho kilichomchekesha Agatha. Kilichomliza kilikuwa cha zamani, na kina jina: Hilari.

Hilari ni mtoto wake wa kwanza. Alimzaa akiwa na miaka kumi na tisa, huko Usevya alikozaliwa na kukulia, na alimpenda kwa pupa za mama mgeni. Kila mwezi alimbeba mgongoni kumpeleka kliniki. Kila mwezi muuguzi aliuliza swali lilelile, kichwa kikiwa kwenye kadi.

"Mtoto anakula?"

"Anakula vizuri sana," alikuwa akijibu Agatha, na alijibu kwa fahari. Hilari alikuwa anakula ugali asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa anachovya kwenye mchuzi, anameza, anaomba tena. Muuguzi akaandika anakula. Mama akarudi nyumbani ameridhika. Mstari kwenye kadi ukawa unashuka.

"Hakuna aliyeniuliza anakula nini," anasema. "Na mimi sikujiuliza. Alipofika miaka miwili na nusu miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu. Watu wakasema amerogwa. Nililala naye hospitali miezi miwili. Daktari akasema huyu mtoto ana njaa. Nilitaka kumpiga. Njaa! Mtoto anayekula mara tatu!"

Hilari alipona. Ana miaka 27, anaendesha bodaboda kutoka kijiwe cha Makanyagio, ana mke na mtoto. Ni mfupi. Akipanda pikipiki yake, vidole vya miguu ndivyo vinavyogusa chini. Shule aliishia darasa la tano, na Agatha anasema si kwa utoro. Herufi zilikuwa hazimkai.

"Sikumnyima chakula. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mama aliyemnyima mtoto anajua kosa lake, anatubu. Mimi nilimlisha. Nilimlisha kwa mikono hii."

Jumamosi ya mkutano Agatha alifika kituoni kabla ya mtu yeyote, akawasha moto. Wazazi walipoanza kuingia na watoto wao wakakuta masufuria yanachemka, na minong'ono ikawa mingi. Wengine walisema anajipendekeza. Yotham alipofungua mkutano, Agatha aliomba kitu kimoja tu: watoto wapewe chakula kwanza, mbele ya wote, halafu wamhukumu.

Akapakua. Viazi lishe viwili kwa kila mtoto, maharage, kikombe cha maziwa mgando, kipande cha papai. Watoto wakala mbele ya mama zao, na kwa kuwa wanatazamwa wakala kwa mbwembwe. Hata wazazi waliokuja na hasira walianza kumeza mate.

Sahani zilipokusanywa, Agatha akamwita Ng'washi. Binti akaja, tumbo mbele, papai kidevuni.

"Ng'washi, mjukuu wangu, umekula?"

"Sijala."

Uwanja ukalipuka. Mwanaume mmoja akasimama akisema mnaona, mnaona. Minza mwenyewe alikuwa ameshika mdomo. Agatha akanyanyua mkono.

"Viazi umevifanyaje?"

"Nimetafuna."

"Na maziwa?"

"Nimekunywa."

"Na papai?"

"Nimeramba."

"Umeshiba?"

Ng'washi akajipapasa tumbo, akalitazama. "Nimeshiba."

"Lakini hujala."

"Sijala, bibi."

"Kula ni kufanyaje?"

Mtoto akamshangaa, kwa huruma kidogo, jinsi mtu mzima anavyoweza kutojua jambo dogo hivyo. "Kula ugali," akasema.

Watu walivunjika mbavu. Yotham, asiyependa kelele, alicheka hadi kofia ikaanguka. Inasemekana hadi leo, ukimkaribisha mtu chai Kasokola, anakujibu asante, nitakunywa na kutafuna, lakini kula nitakula kwangu.

Agatha hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe chenyewe.

"Nyie mnacheka," aliwaambia. "Mimi jana nililia. Mtoto akisema sijala, mnakuja hapa mbio kunifunga. Haya. Na akisema nimekula, nani kati yenu huwa anamuuliza amekula nini?"

Kisha akawasimulia habari za Hilari, wengi wakiwa wanamfahamu, wamewahi kupanda pikipiki yake, wamewahi kumtania urefu wake. Alisema yote: kadi, mstari unaoshuka, anakula vizuri sana. Mwalimu Upendo anakumbuka kwamba kina mama walianza kuvuta watoto wao karibu, kila mmoja akimshika wake mkono, pale juu ya kiwiko.

Minza ndiye aliyezungumza. "Mayu, mimi kila jioni nilikuwa namwongezea ugali, nikijua umemnyima. Anashiba, analala. Maziwa tunayapeleka mjini kuuza."

Ng'washi alikuwa mmoja wa wale tisa.

Ingekuwa hadithi ya kutunga, mkutano ungeishia kwa vigelegele. Haukuishia hivyo. Mzee mmoja alisimama akasema viazi ni vya wanawake na watoto wagonjwa, mwanaume halisi hajengwi na boga. Wazazi wawili waliwaondoa watoto wao wiki hiyohiyo. Wengine waliona ndoo bado haijaelezwa vya kutosha, hadi mke wa Yotham alipoifuata nyumbani kwa Agatha na kuwakuta mbuzi wakiwa ndani yake hadi masikioni.

Uamuzi ulikuwa wa katikati: Agatha aendelee na ratiba yake hadi Septemba. Utepe upimwe tena. Kama njano haijapungua, ugali urudi siku tano na mpishi apumzike.

Kwa hiyo alipika miezi mitatu akijua anapikia hukumu. Alibadilisha kitu kimoja zaidi. Kila siku saa saba, kabla mtoto hajatoka getini, humshika kidevu na kumuuliza: "Leo umekula nini?" Mtoto lazima ataje. Viazi. Kunde. Pera. Asipotaja hatoki. Na wazazi waliombwa waulize hivyo hivyo nyumbani.

Mwanzoni watoto waligoma. Viazi ni vya kutafuna, walisema, na kwa hilo walikuwa wagumu kuliko hakimu. Ilichukua kama wiki tatu kabla viazi havijaanza kuliwa.

Minza hakuwahi kuomba msamaha. Agatha anasema wala hakuungoja. Siku moja asubuhi, mwezi Agosti, viazi vibichi vilipoadimika, Minza aliteremsha kichwani gunia la michembe, vile vipande vya viazi vitamu ambavyo Wasukuma hukata na kuanika juani ili viwafikishe masika. Aliingia jikoni bila kukaribishwa, akapindua sketi kiunoni, akamwonyesha Agatha namna ya kuichemsha na karanga hadi ilainike.

"Akanionjesha. Nikamwambia, Minza, hii ni tamu. Akanijibu, kwetu hii ni ya kutafuna tu," anasimulia Agatha na kucheka. "Tangu siku hiyo analeta na lita mbili za maziwa kila Ijumaa. Nyingine anapeleka mjini. Na mimi simsemi, kila nyumba ina mahitaji yake."

Septemba mhudumu wa lishe alirudi. Watoto walipanga foleni, mikono wazi. Agatha hakuweza kutazama, alijifanya anaosha sufuria ambalo lilikuwa limeoshwa. Utepe uliposomwa, kati ya wale tisa, sita walikuwa wameingia kijani. Ng'washi alikuwa wa sita.

Watatu bado wako njano. Agatha huwataja mara nyingi kuliko wale sita, kwa majina ya mama zao, na kila mmoja ana kikombe chake cha pili cha uji saa tano. Mmoja wao ni mtoto wa mmoja wa wale wazazi wawili waliowaondoa watoto wao. Alirudishwa kimyakimya, na hakuna aliyeulizwa swali.

Anayoyataka sasa si makubwa. Anataka uzio wa miti kuzunguka bustani ya matembele, maana mbuzi wa jirani, na anakiri kwamba na wake pia, wanaijua ratiba ya jiko kuliko watoto. Anataka vitongoji viwili vya jirani vinavyopanga kujenga vituo vyao vianze na sahani, visianze na sinia. Na anataka jiko liwe bado lina moto mwezi Januari, kwa sababu Januari anaanza mwanafunzi mpya anayeitwa Glory. Ana miaka mitatu kasoro. Ni mtoto wa Hilari.

"Huyo nataka nimlishe mimi," anasema. "Nataka nimuone anakuwa mrefu mpaka amshinde baba yake. Hilari mwenyewe anataka hivyo. Anasema, mama, mfanye anichungulie kutoka juu."

Saa sita na nusu chakula kimepakuliwa. Leo ni michembe na karanga, maziwa kidogo, papai. Agatha amekula wa mwisho, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, sahani mapajani, macho kwa watoto. Amemaliza. Sahani ameisukuma chini ya kigoda.

Pikipiki inaingia uwanjani, na Hilari anashuka kwa kuruka kama kawaida yake. Ameleta mfuko wa dagaa uliofika na basi kutoka Ikola. Watoto wanamkimbilia, wanamzunguka. Wakubwa wao wanamfika tumboni.

"Mama, shikamoo. Umekula?"

"Marahaba baba. Wala, hata sijala," anajibu Agatha, akipokea mfuko.

Halafu sauti kutoka kwenye mkeka wa mbele, kali, ya Ng'washi, kijiko hewani:

"Bibi! Umekula nini?"

Agatha anaziba uso kwa kanga. Watoto arobaini na zaidi wanamgeukia, na getini hakuna njia ya kupita bila kutaja. Anaanza kuhesabu kwa vidole. Michembe. Karanga. Maziwa. Papai, kipande kimoja.

"Umeshiba?" anauliza Ng'washi, kwa ukali wa muuguzi.

"Nimeshiba, mjukuu wangu. Nimekula."

Hilari anacheka, anageuza pikipiki aondoke, abiria wanamsubiri Makanyagio. Mama yake anamshika mkono, pale juu ya kiwiko, na vidole vyake vinauzunguka.

"Na wewe, baba," anamuuliza. "Leo umekula nini?"

Hilari anazima injini ili ajibu. Agatha anaweka mfuko chini na kumsikiliza.